Walker: Mlowezi aliyejenga hoteli juu ya mugumo na kuibadilisha Nyeri

UKISIMAMA asubuhi na mapema kwenye bustani ya Hoteli ya Outspan, viungani mwa mji wa Nyeri, kabla ya mawingu kutanda, utauona Mlima Kenya ukiwa umejitokeza wazi upande mmoja, na nyuma yako safu ya milima ya Nyandarua. Chini bondeni mto Chania unanguruma juu ya mawe. Aliyechagua mahali hapa hakuwa mhandisi wala msanifu wa majengo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuwa mfungwa wa vita, kisha mlanguzi wa pombe ya magendo, na hatimaye mwenye hoteli. Jina lake ni Eric Sherbrooke Walker.

Wengi wanaomkumbuka humtaja kwa sababu ya usiku mmoja wa Februari 1952, binti mfalme wa Uingereza alipolala katika kibanda chake kilichojengwa juu ya mti. Hata hivyo, habari za mtu huyu haziishii kwenye usiku huo. Ni vigumu kueleza jinsi miji inayouzunguka Mlima Kenya ilivyopata sura yake bila kumgusa, na vilevile haiwezekani kumsimulia kwa haki bila kutaja ardhi aliyojengea, mti aliouchagua na mikono iliyomfanyia kazi.

Walker alizaliwa nchini Uingereza mwaka wa 1887 na kusomea Chuo Kikuu cha Oxford. Akiwa kijana alivutiwa na chama kipya cha Maskauti kilichokuwa kimeanzishwa na Robert Baden-Powell, na muda si muda akawa miongoni mwa wasaidizi wa karibu wa kiongozi huyo, akimfanyia kazi ya ukatibu na kukagua vikosi vya vijana. Urafiki huo, kama tutakavyoona, ulikuja kuiachia Nyeri kaburi ambalo hadi leo Maskauti wa mataifa mengi hulizuru.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijiunga na kikosi cha wanahewa, ndege yake ikatunguliwa na akatekwa na Wajerumani. Alijaribu kutoroka mara kadhaa. Vita vilipokwisha, alikwenda kusini mwa Urusi pamoja na Waingereza waliokuwa wakiwasaidia wapinzani wa Wabolsheviki, na akapewa nishani kwa ushujaa wake. Aliporudi nyumbani alikuwa na sifa nyingi, lakini hakuwa na fedha.

Wakati huo alikuwa amempenda Lady Bettie Feilding, binti wa Lodi Denbigh, kabaila wa ukoo wa kale. Kijana asiye na mali hawezi kupiga hodi katika nyumba ya namna hiyo akiwa mikono mitupu. Marekani nayo, kuanzia mwaka wa 1920, ilikuwa imepiga marufuku pombe, na watu wa Marekani walikuwa bado na kiu. Walker akatafuta merikebu, akaijaza vileo na kuvipeleka hadi karibu na pwani ya Marekani ambako wanunuzi walivijia kwa mashua za kasi usiku. Mwaka wa 1927 alitoa kitabu kuhusu maisha hayo, The Confessions of a Rum-Runner, akijificha nyuma ya jina la kupanga, James Barbican. Kwa hiyo sehemu ya mtaji uliojenga mojawapo ya hoteli zenye heshima kubwa katika Afrika Mashariki ilitokana na biashara ya magendo. Jambo hili haliandikwi sana katika vijitabu wanavyopewa watalii.

Walker na Lady Bettie walifunga ndoa mwaka wa 1926 na kuja Kenya. Koloni hili lilikuwa limejaa watu wa aina yake: maafisa wa zamani wa jeshi, wana wa makabaila wasiokuwa na urithi, na wengine waliokuwa wakikimbia madeni. Tofauti ni kwamba wengi walikuja kulima, ilhali yeye alitaka kujenga hoteli.

Nyeri ya wakati huo ilikuwa mji mdogo sana. Ulianza kama kituo cha kijeshi mwishoni mwa mwaka wa 1902, baada ya kikosi cha Waingereza alimokuwamo Richard Meinertzhagen kuwashambulia wakazi wa Tetu na kuua watu wengi. Kituo kiliwekwa chini ya kilima ambacho jina lake ndilo mji ulirithi. Miaka 20 na ushei baadaye palikuwa na ofisi za serikali, maduka ya Wahindi yenye mapaa ya mabati, kanisa, na hoteli moja ya walowezi, White Rhino. Wamisionari wa Consolata walikuwa wamekwisha kujenga Mathari, na wa Scotland walikuwa Tumutumu. Reli kutoka Thika ilikuwa ikisogea kuelekea kaskazini, ikapita karibu na Nyeri na kufika Nanyuki mwaka wa 1930.

Ni reli hiyo, pamoja na motokaa zilizoanza kuongezeka, iliyomfanya Walker aone jambo ambalo wengine hawakuliona. Msafiri wa kutoka Nairobi alifika Nyeri akiwa amechoka na mwenye vumbi, na hapa ndipo ardhi ya mashamba ya wazungu ya Laikipia na Nanyuki ilipoanzia. Akiwekewa kitanda kizuri, moto wa kuni na chakula cha moto, angekaa siku mbili tatu. Jina Outspan lenyewe ni la lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini, nalo humaanisha mahali pa kufungulia ng'ombe wa kukokota gari baada ya safari ndefu. Hoteli ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa 1928.

Tukiitazama Outspan kama jengo, hatuoni ndani yake maajabu ya usanifu. Ni nyumba ya kimo kifupi, yenye kuta nene, veranda pana na meko ya moto vyumbani, kwa maana baridi ya Nyeri si mzaha. Vyumba vingine vimetawanywa bustanini kama nyumba ndogondogo. Lakini kuna jambo moja ambalo mwenye hoteli huyu alilielewa kuliko wasanifu wengi wenye vyeti: aliigeuza hoteli nzima iangalie mlima. Mgeni akifungua dirisha, akinywa chai, akitembea bustanini, mlima uko mbele yake. Awali Nyeri ilikuwa imejengwa kama ngome, ikiwaangalia watu iliotaka kuwatawala. Outspan ilikuwa jengo mashuhuri mjini lililojengwa kwa ajili ya kutazama mandhari, na baada yake mtindo huo ukaenea. Ukienda Nanyuki, Meru au Embu utakutana na hoteli za enzi hiyo ya walowezi zilizofuata njia ileile ya veranda, meko na bustani: Pig and Whistle ya Meru yenye nyumba za mbao, Izaak Walton ya Embu iliyowavutia wavuvi wa samaki aina ya trauti, na jumba la Mawingo lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 karibu na Nanyuki, ambalo baadaye liligeuka kuwa Mount Kenya Safari Club.

Lazima iongezwe hapa kwamba mandhari hayo yaliuzwa kwa watu wachache. Mwafrika aliingia katika hoteli hizi akiwa mpishi, mtumishi wa vyumba, mtunza bustani au fundi. Nje ya lango alihitaji kipande mfukoni. Mafundi wa Kikuyu na wa Kihindi waliochonga mawe, kupasua mbao na kuezeka hawakuandikwa katika ukuta wowote. Sifa zote zilikwenda kwa mwenye hoteli.

Jengo lililompa Walker jina duniani lilifuata mwaka wa 1932. Husimuliwa kwamba wazo lilikuwa la Lady Bettie, aliyetamani kibanda cha kuchezea kilicho juu ya mti, kama vile vya hadithi za watoto. Takriban kilomita 17 kutoka mjini Nyeri, ndani ya msitu wa Nyandarua, palikuwa na bwawa na ardhi yenye chumvi ambayo wanyama walikuja kuilamba nyakati za usiku. Kando yake ulisimama mti mkubwa wa mugumo. Walker aliwatuma mafundi wake wajenge chumba matawini.

Ilikuwa kazi ya hatari. Ndovu na vifaru hawakuwa na habari ya ujenzi uliokuwa ukiendelea, na zaidi ya mara moja mafundi walilazimika kuacha misumeno na kukimbia. Kilichojengwa mwanzoni kilikuwa kidogo mno: vyumba viwili vya mbao na roshani ya kuchungulia wanyama, na ngazi ya kupandia. Mgeni alikula chakula cha mchana Outspan, akapelekwa kwa gari hadi mwisho wa njia, kisha akatembea kwa miguu akisindikizwa na mwindaji mwenye bunduki. Kando ya kijia zilipigiliwa ngazi kwenye miti ili mtu apande haraka endapo kifaru angetokea. Hapo awali wageni walitegemea mwanga wa mbalamwezi kuwaona wanyama; taa za umeme ziliwekwa baadaye.

Kitu hicho kidogo kilikuwa kipya kabisa. Hadi wakati huo mzungu aliyetaka kumwona mnyama wa msituni alikwenda na bunduki, naye mnyama alitazamwa kwa kawaida dakika chache kabla ya kuuawa. Treetops ilimwambia mgeni akae kimya, ajifunike blanketi, na aache wanyama waje wenyewe. Biashara kubwa ya utalii wa kutazama wanyama iliyoibeba Kenya miaka mingi baadaye ilikuwa na mizizi mingi, na huu ulikuwa mmojawapo. Kwa upande wa ujenzi, Walker alionyesha kwamba jengo linaweza kusimama katikati ya makao ya wanyama bila kuwafukuza, mradi liinuliwe kutoka ardhini.

Hata hivyo, mugumo si mti wa kawaida katika nchi ya Wakikuyu. Chini yake wazee walitoa kafara na kumwomba Ngai wakiuelekea Kirinyaga, na kuukata ovyo lilikuwa kosa zito. Unabii wa Mugo wa Kibiro uliihusisha hata hatima ya utawala wa wazungu na kuanguka kwa mugumo mmoja mjini Thika, na wakongwe husimulia kwamba mti huo ulianguka uhuru ulipokuwa ukikaribia. Kupigilia misumari kwenye mti wa aina hiyo ili watalii wapate mahali pa kunywea chai lilikuwa jambo ambalo mlowezi hakuliona kuwa na uzito wowote. Katika macho yake ulikuwa mti imara wenye matawi mapana, basi. Sidhani kama alikusudia kuwatukana watu wa Nyeri, lakini ukweli kwamba hakulazimika hata kufikiria hilo unaeleza mengi kuhusu ukoloni.

Mwaka wa 1935 Baden-Powell alimtembelea katibu wake wa zamani na akaipenda Nyeri kupita kiasi. Alirudi mwaka wa 1938, akiwa mzee na afya yake ikiwa imedhoofika, na Walker akamjengea nyumba ndogo katika bustani ya Outspan. Iliitwa Paxtu, jina la kuchezea maneno lililotokana na Pax Hill, nyumba yake ya Uingereza. Humo ndimo Baden-Powell alimofariki Januari 8, 1941. Alizikwa katika makaburi ya Kanisa la St Peter mjini Nyeri, na mwaka wa 1977 majivu ya mkewe, Olave, yakaletwa kuwekwa hapo. Nyumba hiyohiyo ilikaliwa baadaye na Jim Corbett, mwindaji maarufu wa simbamarara wala watu wa India, aliyehamia Nyeri na dada yake baada ya India kupata uhuru mwaka wa 1947. Corbett naye alifia Nyeri, mwaka wa 1955, na kuzikwa katika makaburi yaleyale.

Corbett ndiye aliyekuwa na bunduki siku ile ya Februari 5, 1952. Binti mfalme Elizabeth na mumewe Philip walikuwa wamefikia katika nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo, waliyopewa na koloni la Kenya kama zawadi ya harusi. Kibanda cha Treetops kilikuwa kimetengenezwa upya na kupanuliwa kidogo ili kiwapokee. Walipofika, kundi la ndovu lilikuwa karibu na mti, na wageni walilazimika kupita umbali mfupi kutoka kwa wanyama hao hadi ngazini. Usiku kucha waliwatazama wanyama bwawani, na Corbett akiwalinda.

Usiku huo, huko Uingereza, Mfalme George wa Sita alikata roho usingizini. Asubuhi ya Februari 6 Elizabeth aliteremka ngazi akiwa tayari malkia bila kujua, akarejea Sagana. Habari hizo zilimfikia kwanza katibu wake akiwa Outspan, kupitia kwa mwandishi wa habari, na kutoka hotelini hapo simu ikapigwa Sagana. Jioni hiyo alisafiri kupitia uwanja wa ndege wa Nanyuki hadi Entebbe, na kutoka huko London. Hapakuwa na tangazo la kibiashara ambalo lingeweza kuishinda habari hiyo. Kibanda cha mafundi wa Nyeri kikajulikana kote ulimwenguni.

Miezi minane baadaye, Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Msitu ambao watalii walikuwa wakiutazama kutoka juu ukawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau wakiongozwa na Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, hapohapo Nyeri. Mpaka leo wageni katika mbuga ya Nyandarua huonyeshwa mugumo unaoitwa posta ya Kimathi, ambamo inasimuliwa kwamba wapiganaji waliachiana barua. Mti uleule ambao kwa Walker ulikuwa nguzo ya hoteli, kwao ulikuwa madhabahu na sanduku la posta.

Mnamo Mei 27, 1954 wapiganaji walikiteketeza kibanda cha Treetops pamoja na mti wake. Inaelezwa kuwa wanajeshi wa serikali walikuwa wakikitumia kama mnara wa kupelelezea msitu. Hata kama hilo lisingekuwepo, ni rahisi kuelewa kwa nini moto ulielekezwa hapo. Kilikuwa kibanda ambamo malkia wa watawala alipatia ufalme, kikiwa kimeketishwa juu ya mti wa matambiko katika ardhi iliyokuwa ikigombaniwa.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga miji ya aina nyingine kabisa. Kuanzia mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani na kufungiwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mitaro na miiba, wakilazimishwa kujijengea nyumba wenyewe kwa haraka. Vituo kadhaa vya biashara tunavyovipita leo katika eneo hili vilianzia hapo. Ukipima kwa idadi ya watu walioguswa, hao ndio waliobadilisha makazi ya Nyeri kuliko mwenye hoteli yeyote, na hakuna anayewajengea mnara.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mwaka huohuo Walker aliijenga Treetops upya, upande wa pili wa bwawa. Safari hii haikuwa chumba cha kuchezea. Ilikuwa hoteli halisi ya mbao, ndefu kama behewa la gari la moshi, iliyoinuliwa juu ya nguzo huku matawi yakipenya katikati yake, na iliendelea kupanuliwa hadi kufikisha vyumba vingi.

Ni jengo hili la pili, zaidi ya lile la kwanza, lililozaa wafuasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijengwa The Ark katika msitu huohuo wa Nyandarua, ikiwa na umbo la safina ya Nuhu, na katika miteremko ya Mlima Kenya ikajengwa Mountain Lodge, nayo ya mbao na ya kuinuliwa. Zote zilifuata kanuni ya Walker: bwawa, chumvi, taa za usiku, roshani, na, kwa upande wa Treetops, mgeni anayepitia mjini kwanza kabla ya kupelekwa msituni. Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na faida kubwa kwa Nyeri, kwa kuwa hoteli ya msituni haikuweza kuishi bila hoteli ya mjini. Madereva, wapishi, wauza mboga wa Karatina na wachonga vinyago walipata riziki katika mnyororo huo.

Gharama yake iliangukia msitu. Chumvi iliyomwagwa kando ya bwawa ili kuwavuta ndovu na nyati iliwaleta wengi mno, na mwaka baada ya mwaka miti iliyozunguka hoteli ilivunjwa na kuchunwa maganda. Picha za miaka ya 1930 zinaonyesha kibanda kilichozingirwa na kijani kibichi; za miongo ya baadaye zinaonyesha jengo kwenye uwanja mtupu wenye matope. Hoteli iliyoitwa vilele vya miti ilibaki na miti michache ya kujivunia.

Mwaka wa 1962 Walker alichapisha kitabu kuhusu hoteli yake, Treetops Hotel, kilichojaa visa vya wageni mashuhuri na wanyama watukutu. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata, na hoteli zikapita hatimaye mikononi mwa wengine. Yeye alifariki mwaka wa 1976. Malkia Elizabeth alirudi kuitazama Treetops mwaka wa 1983, na inafaa kukumbuka kwamba aliyoiona haikuwa ile aliyolala, kwa kuwa ile ilikuwa jivu kwa karibu miaka 30.

Malkia alipofariki Septemba 8, 2022, waandishi wa habari kutoka nchi nyingi walifunga safari hadi Nyeri kutafuta mahali alipogeukia kuwa malkia. Walikuta hoteli imefungwa tangu janga la corona lilipokausha utalii, vyumba vikiwa vitupu na ngazi zikiwa kimya. Bwawani wanyama walikuwa bado wakija kunywa maji, kama walivyofanya kabla mafundi wa Walker hawajaupanda mugumo na misumeno yao.